Nafasi Iliyofichika Makaburini

Kila mara ninapoitwa na halmashauri ya mji kwa sababu makaburi yake yamejaa, jambo la kwanza ninaloulizwa ni ardhi mpya inunuliwe upande gani. Mimi huomba kwanza nioneshwe rejista ya maziko. Katika kazi yangu ya kupima na kupanga makaburi ya umma, bado sijafika kwenye eneo lililotangazwa kuwa limejaa nikakosa humo sehemu zisizo na mtu. Kinachokosekana ni mtu wa kuthibitisha kwamba sehemu hizo ni tupu kweli, na mahali wanapolala marehemu, neno "nadhani" halitoshi kumruhusu mchimbaji ashike jembe.

Rejista nyingi za zamani ziliandikwa kwa mkono na watu waliobadilishana zamu. Utakuta kaburi moja lenye namba mbili, au namba iliyorukwa bila maelezo, au viwanja vilivyolipiwa na familia miaka mingi iliyopita na havijatumika hadi leo. Makaburi yenyewe mara nyingi hayakufuata mchoro, kwa kuwa mchimbaji aliyekutana na mzizi mkubwa au jiwe alisogea hatua moja pembeni, na aliyemfuata akapanga safu kwa kulitazama kaburi lile lililosogea. Kwa hiyo kazi huanza mezani, kwa kulinganisha rejista, stakabadhi za malipo na mchoro, kisha hurudiwa chini, kaburi kwa kaburi.

Chombo ninachokitegemea zaidi huko chini ni fimbo ya chuma yenye mpini wa kushikwa kwa mikono miwili. Udongo ambao haujawahi kuchimbwa huishika fimbo na kuikataa. Udongo uliochimbwa, hata baada ya miaka mingi, huiachia iteremke kwa ulaini unaousikia viganjani. Kwenye mchanga mtupu fimbo haisemi kitu, na hapo inafaa kutumia rada ya ardhini, ambayo huonesha mipaka ya shimo la zamani bila kugusa chochote.

Kuna safu moja ambayo mchoro uliionesha kuwa tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fimbo iligoma mara mbili, mara ya tatu ikazama hadi kwenye mpini, lakini kwa upana mdogo mno kuwa kaburi la mtu mzima. Mzee mmoja aliyechimba makaburi hapo tangu ujana wake alikuja, akatazama, akavua kofia. "Hapa tulikuwa tukizika watoto wachanga, mwanangu," akaniambia. "Hawakuandikwa." Tuliipima safu nzima siku hiyo kwa fimbo na kumbukumbu zake, tukaweka vigingi kwenye kila kaburi dogo. Tangu hapo sianzi kupima popote kabla sijakaa na wachimbaji wa siku nyingi.

Baada ya kujua nani yuko wapi, tazama njia. Makaburi mengi yalipangwa yakiwa na barabara pana za ndani, ambazo nyingine magari hayapiti tena. Chukua barabara ya mita 200 yenye upana wa mita 5. Ukibakiza mita 2 za kupita jeneza na waombolezaji, unapata ukanda wa mita 3, ambao ukigawanywa kwa kiwanja cha mita 3 kwa 1.5 unatoa nafasi 133 bila kununua ardhi wala kumgusa yeyote. Ila hakikisha maji ya mvua yana pa kwenda, maana barabara ya zamani mara nyingi ndiyo iliyokuwa mfereji.

Njia nyingine ni kuchimba kina cha watu wawili, hasa kwa wenza wanaotaka kulala pamoja. Hesabu yake ni rahisi: sentimita 90 za udongo juu, sentimita 45 za jeneza la juu, sentimita 15 za udongo katikati, kisha sentimita 45 za jeneza la chini, jumla karibu mita 2. Chini ya hapo inafaa ibaki walau mita 1 kabla ya kufikia maji ya ardhini, na kipimo hicho kichukuliwe msimu wa mvua, si wa kiangazi. Uamuzi lazima ufanyike kabla ya maziko ya kwanza, kwa sababu kaburi lililochimbwa kina cha mtu mmoja haliwezi kuongezewa mwingine chini bila kulifukua. Kuta za shimo la kina hicho ziwekewe mihimili; maisha ya mchimbaji hayana bei ndogo kuliko kiwanja. Katika sehemu ya Waislamu njia hii naishauri tu pale wanazuoni wao wanapoona dharura, na hapo kipimo hubadilika pia, kwa kuwa mwanandani, yaani nafasi ya ndani ya kaburi anamolazwa maiti, unahitaji ukuta imara wa udongo.

Kutumia tena makaburi ya zamani ndiyo njia ninayoiweka mwisho, ingawa miji mingi inaitumia. London inaruhusiwa kisheria tangu 2007 kutumia tena makaburi yaliyopita miaka 75, baada ya kutoa notisi, na jamaa akipinga kaburi haliguswi; mabaki huteremshwa chini zaidi katika kaburi lilelile. Singapore iliweka kikomo cha miaka 15 kuanzia 1998, kisha 2007 ikaanza kutumia vyumba vya zege vilivyopangwa bega kwa bega ili pasipotee hata mwanya kati ya kaburi na kaburi. Nchini Ujerumani haki ya kaburi kwa kawaida ni ya muda, na kwa baadhi ya makaburi familia inaweza kuilipia upya ikitaka. Yote haya yanasimama juu ya sheria iliyotangulia na rejista inayoaminika. Pasipo viwili hivyo, simshauri yeyote afukue, na kaburi ambalo bado linafagiliwa na kuwekewa maua liachwe, hata kama muda wake umepita.

Kila nafasi mpya inayopatikana hupewa namba, hupimwa kwa setilaiti na kuandikwa siku hiyohiyo, kabla halijaja jeneza. Ile safu ya watoto nayo imo kwenye ramani mpya, kila kaburi na namba yake, na njia tuliyokusudia kuipitisha pale imepindishwa mita 2 ili iwapishe.