Hifadhi ya kidijitali: kuskani bado si kuhifadhi

Katika hafla za utamaduni hapa Mombasa, ni nadra siku hizi kukosa mtu wa kusimama na kutangaza kwamba miswada fulani, picha za zamani au kanda za taarabu "zimeshahifadhiwa kidijitali". Ukiuliza kilichofanyika, unaambiwa kwamba kurasa ziliskaniwa, faili zikatiwa katika flashi, na baadhi yake zikapandishwa Facebook. Kazi hiyo ni njema, na wanaoifanya, mara nyingi kwa fedha zao wenyewe, wanastahili shukrani. Lakini jina wanaloipa ni la kazi nyingine, na kulitumia vibaya kuna madhara, kwa sababu jamii ikishaambiwa kwamba kitu kimehifadhiwa huacha kukishughulikia.

Hifadhi ya kidijitali ni kazi endelevu ya kuhakikisha kwamba faili iliyopo leo itapatikana, itafunguka na itaaminika baada ya miaka mingi, hata kama mashine iliyoitengeneza, programu iliyoifungua na watu walioianzisha hawapo tena. Inahusu vitu vilivyotolewa kwenye karatasi au kanda, na vilevile vile vilivyozaliwa ndani ya kompyuta, kama UNESCO ilivyoeleza katika hati yake ya mwaka 2003 kuhusu urithi wa kidijitali.

Kuskani huisha siku moja: ukurasa wa mwisho ukipigwa picha, kazi imekamilika. Kuhifadhi huanzia hapo. Pamoja na unyevu na mchwa wa pwani yetu, mswada uliofungiwa sandukuni uliweza kukaa vizazi viwili au vitatu bila kuguswa na bado ukasomeka siku sanduku lilipofunguliwa, ilhali faili haina subira ya namna hiyo. Diski huchakaa bila kutoa dalili, sidii za miaka ya nyuma zimeanza kukataa kusomeka, na kompyuta nyingi zinazouzwa leo hazina hata mahali pa kuzitia. Ndiyo maana wahifadhi wa kweli huikokotolea kila faili tarakimu ya uthibitisho, yaani namba ndefu inayotokana na yaliyomo ndani yake, kisha huirudia hesabu hiyo mara kwa mara. Namba ikibadilika, hata kwa sababu ya kosa dogo kabisa, wanajua kwamba nakala hiyo imeharibika na wanairekebisha kwa kutumia nakala nyingine iliyo nzima. Mpango ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999 ulijengwa juu ya wazo hilohilo: maktaba nyingi, kila moja na nakala yake, zikilinganishana daima. Flashi moja iliyo katika droo ya katibu wa kikundi haina cha kulinganishwa nacho.

Kwa watu wa pwani, dhana hii haipaswi kuwa ngeni, kwa kuwa tunajua wakfu ni nini. Nyumba haiwi wakfu wa msikiti kwa kutamkwa tu na kuachwa. Huwa na msimamizi, huwa na mapato ya kuikarabati, na msimamizi akifariki hutafutwa mwingine.

Kuna pia suala la maelezo, ambalo hupuuzwa kuliko yote. Miongo kadhaa iliyopita, duka la Mbwana Radio Service hapa mjini lilitoa kanda nyingi za taarabu, na leo unaweza kuzisikia baadhi ya nyimbo za zama hizo kwenye YouTube, zimepandishwa na wapenzi wa muziki wasiotaka zipotee. Nyingi hazitaji mtunzi wa shairi, wapiga ala wala mwaka wa kurekodiwa. Sauti nayo imebanwa ili faili iwe nyepesi, na kilichotolewa wakati wa kubanwa hakirudi. Tena zote zinategemea akaunti ya mtu mmoja katika mtandao wa kampuni isiyo na wajibu wowote kwa vizazi vijavyo. Kampuni hizo zimeshaonyesha mwenendo wao. Mwaka 2009 Yahoo iliifunga GeoCities, iliyobeba kurasa binafsi za mamilioni ya watu, na mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video ambazo watumiaji walizipandisha katika kipindi cha miaka 12 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Sehemu kubwa ya GeoCities iliokolewa na watu wa kujitolea waliowahi kuinakili, wakisaidiana na taasisi kama Internet Archive, ambayo tangu 1996 imekuwa ikiweka nakala za tovuti.

Hofu yangu kubwa zaidi ni juu ya vile visivyokuwa na asili ya karatasi. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalitufikia kwa sababu miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua wa hapa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor, na karatasi hizo zikapata maktaba ya kuzitunza London. Malenga wa leo hujibizana kwa beti katika makundi ya WhatsApp, mara nyingine kwa sauti tu. Simu ikiibiwa, au mwenye kundi akilifunga, majibizano hayo huenda yakatoweka kabla hajatokea Sikujua wa pili.

Baada ya hapo kuna mkanganyo wa pili: watu hudhani kwamba kilichohifadhiwa kiko wazi kwa wote, na kwamba kilicho wazi kimehifadhiwa. Haya ni mambo mawili, na kila moja lina gharama zake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ilipigwa picha kwa ufadhili wa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mpango ambao kanuni yake ni kwamba vitu vya asili hubaki nchini mwake na nakala za picha huwekwa huko na London pia. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi, na makusanyo yake ya miswada yaliyokuwa yakisomwa bure mtandaoni hayakufikika kwa miezi mingi. Msomaji wa hapa Mombasa aliyezoea mlango huo wa London aliukuta umefungwa, ingawa miswada yenyewe ilikuwa Lamu, ng'ambo ya maji tu.

Mlango unaweza kufungwa na sheria vilevile. Wachapishaji wakubwa waliishtaki Internet Archive nchini Marekani mwaka 2020 kwa kuazimisha nakala za kidijitali za vitabu ilivyoviskani, wakashinda, na rufaa ya mwaka 2024 ikathibitisha ushindi wao. Kutokana na kesi hiyo, vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa katika huduma ya kuazima. Kwetu Kenya, haki ya mwandishi huendelea miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Hivyo maktaba inayotaka kuviweka wazi vitabu vya Kiswahili vya karne iliyopita ina kazi ya kumjua kila mwandishi, mwaka aliofariki na warithi wake, kazi ambayo skana haiwezi kuifanya.

Basi ndugu zangu wa vikundi vya utamaduni, mkishaskani, semeni kwa fahari kwamba mmeskani. Mkishaweka mtandaoni, semeni kwamba mmeweka mtandaoni, na mtaje kama msomaji anaruhusiwa kupakua na kunakili au kutazama tu. Neno "tumehifadhi" lisubiri mpaka muweze kumwonyesha anayeuliza nakala nyingine ziko wapi, nani huzikagua, na nani atailipia kazi hiyo mradi huu wa sasa ukimalizika.