Achana na bango la dira ukutani: nani hasa anafanya nini serikalini

Ukiingia karibu ofisi yoyote ya umma Tanzania, mapokezi utakuta bango lenye dira na dhima ya taasisi. Huduma bora, maendeleo endelevu, ustawi wa wananchi. Ukibadilisha nembo ya juu, bango la wizara moja lingeweza kutundikwa kwenye wizara nyingine bila mtu kushtuka. Mwananchi anayetaka kujua tatizo lake alipeleke wapi hatoki na kitu hapo.

Nimefanya kazi ya kuandaa bajeti kwenye idara za sera na mipango kwa miaka mingi, na nikiulizwa wizara fulani inafanya nini, huwa naangalia kwingine: hati ya mgawanyo wa majukumu ya mawaziri, sheria iliyoianzisha taasisi, na fungu lake, yaani sehemu ya fedha zake, kwenye vitabu vya bajeti. Hapo ndipo penye kazi halisi.

Mfano wa mwalimu unaeleza mambo mengi. Mchukue mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata. Mtaala anaofundisha umeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtihani wanaofanya wanafunzi wake unatoka NECTA, Baraza la Mitihani. Wanaokuja kukagua ufundishaji wake ni wathibiti ubora wa shule. Wote hao wako chini ya Wizara ya Elimu, ambayo ni Fungu 46. Lakini mwalimu mwenyewe hayuko huko. Tangu 2009 sekondari za serikali zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mwajiri wake wa kila siku ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Kupandishwa cheo na mashauri yake ya nidhamu ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Nafasi yake ya kazi lazima iwe imeidhinishwa na Ofisi ya Rais, Utumishi. Mshahara unalipwa na Hazina, moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki.

Kwa hiyo wazazi wanapomsimamisha Waziri wa Elimu njiani na kulia kwamba shule yao haina mwalimu wa fizikia, kilio ni cha haki, ila wamegonga mlango ambao hauna mwalimu ndani. Safari ya mwalimu mpya inaanza kwa mkuu wa shule kutoa taarifa ya upungufu kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Mkurugenzi anaiingiza nafasi kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi, Utumishi wanatoa kibali, Hazina inatenga fedha za mshahara. Inaweza kukwama popote katika mnyororo huo. Diwani akitaka kuisaidia kata yake, kwenye baraza la madiwani aulize: nafasi hiyo ipo kwenye ikama ya mwaka huu? Kama ipo, kibali kimetoka? Maswali hayo mawili, kwa maoni yangu, yanazidi hotuba ya saa nzima kuhusu umuhimu wa sayansi.

Afya imegawanywa kwa mtindo huohuo. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni vya halmashauri. Hospitali za rufaa za mikoa, za kanda na ya taifa ni za Wizara ya Afya. Dawa zinasambazwa na Bohari ya Dawa, MSD.

Watu wengi huchanganyikiwa kwa sababu majina ya wizara hayatulii. Ibara ya 36 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka serikalini, na chini ya sheria ya majukumu ya mawaziri, Sura ya 299, mgawanyo wa kazi hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ndiyo maana Januari 2022 maendeleo ya jamii yalitolewa Wizara ya Afya yakapewa wizara yake, na Agosti 2023 Ujenzi na Uchukuzi zikatenganishwa. TAMISEMI imewahi kukaa Ofisi ya Waziri Mkuu, na imewahi kukaa Ofisi ya Rais. Katika mabadiliko yote hayo, wanaojenga barabara waliamka kesho yake wakaenda kazini kwenye wakala uleule, kwa sheria ileile. Fuatilia taasisi yenyewe, jina la wizara lisikupotezee muda.

Na taasisi hazifanani. Wakala wa Serikali, kama TANROADS ya barabara, RITA ya vizazi na vifo au BRELA ya usajili wa kampuni, huundwa chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997. Ni mkono wa wizara uliopewa nafasi ya kujiendesha: una Mtendaji Mkuu, na bodi yake ni ya ushauri. Mamlaka ina sheria yake yenyewe iliyopitishwa na Bunge, na bodi yenye maamuzi. Idara ya hali ya hewa imepita njia hiyo yote: ikawa wakala mwaka 1999, kisha 2019 ikawa mamlaka kamili kwa sheria yake. Unapotaka kujua mkuu wa taasisi anaweza kuamua nini bila kwenda kwa Katibu Mkuu wa wizara, anza na tofauti hiyo.

Simama pale Ubungo, Barabara ya Morogoro. Barabara kuu hiyo ni ya TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Njia za mwendokasi zilizo katikati zilijengwa kwa usimamizi wa TANROADS, lakini huduma ya mabasi inasimamiwa na DART, wakala aliye chini ya TAMISEMI. Nauli unayolipa getini imepitishwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Askari anayeongoza magari ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukikata kona ukaingia mtaani, shimo la kwanza utakalolikuta huenda ni la TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, iliyoanza 2017 na ambayo nayo iko TAMISEMI. TANROADS ina zaidi ya kilomita 36,000 za barabara kuu na za mikoa. TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000 za wilaya, mijini na vijijini. Ukiona takwimu hizo mbili utaelewa kwa nini barabara ya kijijini kwenu inasubiri zamu.

LATRA na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ni kundi jingine kabisa, na ndilo ninaloona halieleweki kuliko yote. Wao hawauzi chochote. Kazi yao ni kuhakikisha anayekuuzia huduma hajipangii bei peke yake. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikitaka kupandisha bei, inapeleka maombi EWURA, na EWURA inaitisha taftishi kupokea maoni ya wadau. Baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kumsemea mteja kwenye kikao kama hicho. Nasikitika ninapoona watu wananyamaza siku ya taftishi, kisha wanalalamika bili zikishafika. Siku hiyo ndiyo maneno ya mwananchi yanaingia kwenye kumbukumbu, na mdhibiti anatakiwa kuyazingatia kabla ya kuamua.

Wakati mwingine serikali yenyewe imekiri kuwa milango imezidi. Mama aliyekuwa akitengeneza achari ya kuuza madukani alitakiwa kupita TFDA kwa usalama wa chakula na TBS kwa ubora, chupa ileile. Mwaka 2018 ulitoka mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, na mwaka uliofuata udhibiti wa chakula na vipodozi ukahamishiwa TBS. TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Naunga mkono uamuzi ule. Chupa moja ya achari haikuhitaji kuchunguzwa na wakubwa wawili.

Upande wa fedha, anayebanwa kwa sheria ni Katibu Mkuu, kwa sababu ndiye Afisa Masuuli, anayewajibika kwa fedha za fungu. Waziri husoma hotuba ya bajeti na kujibu hoja bungeni, lakini hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikifika Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, anayekaa kwenye kiti na vielelezo mbele yake ni Afisa Masuuli. Hesabu za halmashauri huenda kwenye kamati nyingine, LAAC. Ripoti za CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni. Soma sehemu inayohusu taasisi unayoifuatilia. Utajua kazi yake ilivyokwenda kuliko kwenye tovuti yake.

Kwa wasomaji wa Zanzibar, mpaka ni mwingine. Elimu ya shule na afya si mambo ya Muungano, hivyo wizara za bara hazina shule wala zahanati Unguja na Pemba. Ila Baraza la Mitihani limo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, ndiyo maana mtoto wa Chake Chake na wa Songea wanakaa kwenye mtihani mmoja wa kidato cha nne. Kitambulisho cha NIDA ni cha pande zote mbili, wakati RITA inaandikisha vizazi vya bara tu.

Unapoandika barua, basi, iandikie kwa cheo: Mkurugenzi kama jambo ni la halmashauri, Mtendaji Mkuu kama ni la wakala, Katibu Mkuu kama ni la sera, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Taja kifungu cha sheria kinachoipa ofisi hiyo wajibu huo. Omba pia Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa taasisi husika, kijitabu ambacho wachache hukiulizia. Humo kuna muda ambao taasisi imejiwekea kujibu barua yako, na muda huo ukipita unayo hoja ya kupanda nayo ngazi inayofuata.