Figo mpya na vidonge vya "kuondoa sumu": dhana na ukweli

Wiki ya tatu baada ya upasuaji, kijana mmoja alifika kliniki yetu hapa Kisumu na mamake, ambaye ndiye aliyempa figo. Mama akafungua mkoba, akapanga vitu mezani: kopo la vitamini C za kuyeyusha majini, miligramu 1000 kila kidonge, unga wa mlonge, na chupa ya soda yenye maji ya rangi ya chai, aliyoinunua soko la Kibuye. "Sista, hizi zinaondoa sumu, figo isichoke."

Dhana: Antioksidanti nyingi (viini kama vitamini C, vinavyozima molekuli kali zinazochubua seli) huiponya figo mpya haraka.

Dhana hii ina mzizi wa kweli, ndiyo maana haing'oki. Figo ikishatolewa kwa mtoaji hukaa kwa muda bila damu, seli zake zikikosa oksijeni. Damu ikirudi, oksijeni huingia kwa kishindo na kuzaa molekuli kali zinazochubua seli. Hayo huanza dakika ileile damu inapofunguliwa. Kwa hiyo kinga huanzia chumba cha upasuaji: maji baridi ya kuhifadhia viungo yaliyobuniwa University of Wisconsin miaka ya 1980 yana glutathioni, ambayo yenyewe ni antioksidanti. Watafiti wamejaribu pia vitamini C, vitamini E na dawa iitwayo N-asetilisisteini. Majaribio mengi yalikuwa madogo, majibu yakapishana, na hakuna hata moja kati yao iliyothibitika kuifanya figo idumu zaidi. Kidonge cha wiki ya tatu kinafika stendi basi limeshaondoka.

Tena kinaweza kudhuru. Chungwa moja lina takriban miligramu 70 za vitamini C. Kidonge cha mama kilikuwa machungwa 14 kwa mkupuo. Vitamini hiyo ikizidi, mwili huigeuza oksaleti, taka inayotoka kwa mkojo, na figo ambayo bado dhaifu hushindwa kuitoa yote. Ikikutana na kalsiamu, hugeuka fuwele ndani ya vijifereji vya figo. Simlaumu mama. Kopo lilikuwa na picha ya chungwa tu.

Dhana: Aliyepandikizwa figo anahitaji dawa za kuongeza kinga.

Kinga ndiyo tunayoishusha! Takrolimusi, maikofenoleti na prednisoloni hutolewa ili mwili usiishambulie figo ya mtu mwingine, hata akiwa mama mzazi. Hata balungi, tunda la kawaida tu, huzuia utumbo kuivunja takrolimusi. Dawa hupanda damuni, na ikizidi huiumiza figo ileile. Sasa chupa isiyo na lebo je? Niliomba ibaki mezani kwangu.

Dhana: Figo mpya isipotoa mkojo siku hiyohiyo, imekufa.

La. Figo ya mtoaji aliye hai mara nyingi huanza kazi papo hapo. Ya marehemu huchelewa mara nyingi zaidi. Mgonjwa anaweza kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu wiki ya kwanza, kisha figo ikaamka baada ya siku au wiki chache.

Tukiwa bado tunaongea, simu ya kijana ikalia: saa mbili asubuhi, wakati wa takrolimusi. Tayari alikuwa na kidonge mkononi. Nikamzuia. Siku ya kliniki kipimo cha damu huchukuliwa kabla ya kumeza, la sivyo kiwango cha dawa kitasomeka juu kuliko kilivyo. Mama akamshikia kidonge, kijana akakunja mkono wa shati.