Baba Akibaki Nyumbani: Uanaume Unapimwa kwa Kipi?

Mama wa nyumbani Tanzania huitwa kwa utani "golikipa". Baba akikaa golini, utani unageuka tusi: ni marioo, analelewa, kalishwa limbwata. Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii nimewasikiliza wengi wa namna hii, na karibu kila mmoja ana jina lingine la hali yake. "Nasikilizia mchongo." "Nafanyia kazi nyumbani." Wachache sana husema, "Nalea."

Hali yenyewe si ngeni. Wafanyakazi wa mashirika ya umma walipopunguzwa miaka ya 1980 na 1990, nyumba nyingi za Dar es Salaam zilikula kwa maandazi, vitumbua na genge la mama. Baba aliendelea kuitwa kichwa cha nyumba. Wapo akina mama waliomtilia mume pesa ya nyama mfukoni alfajiri, ili aitoe yeye mbele ya watoto.

Tabaka linaonekana kwanza kwenye ukuta. Baba mwenye nyumba ya geti ana dada wa kazi. Baba mwenyewe anampeleka mtoto shule, anarudi kwenye laptopu yake. Muulize uanaume ni nini, atakujibu ni kuwa karibu na watoto, kitu ambacho yeye hakukipata kwa baba yake. Sasa nenda nyumba ya kupanga, vyumba sita na bomba moja uani. Baba mmoja aliniambia anafua kila kitu, ila kanga za mkewe huzianika chumbani, kwenye kamba aliyoifunga juu ya kitanda. Kufua hakumsumbui, macho ya wapangaji ndiyo yanamnyima raha. Huyu uanaume wake ameushikilia kwenye neno la mwisho: mtoto asome wapi, nani alale pale, mgeni apokewe vipi.

Dini nayo inampa kila mtu maneno ya kujihukumu, na ya kujitetea pia. Kwa Muislamu, masurufu ni juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke. Ndiyo maana wanaume Waislamu ninaozungumza nao hulitaja sana neno deni. Lakini kazi za nyumbani hazimo humo: Bibi Aisha alipoulizwa, alisema Mtume akiwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake. Na Zainabu, mke wa swahaba Ibn Masud, alipouliza kuhusu kumpa mumewe sadaka, Mtume alijibu kuwa ana ujira mara mbili. Sijui kwa nini hadithi hiyo haisikiki zaidi kwenye mawaidha ya harusi.

Wakristo huja na Paulo: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Wengine wamelishika hilohilo neno "kutunza" na kusema uji wa mtoto nao ni matunzo. Wanawake hujibu kwa mke wa Mithali 31, anayenunua shamba kwa akili yake. Ni hoja nzuri, ila mume wa sura ile ameketi malangoni na wazee, hayuko jikoni.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeegemea desturi: kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mke, na mke mwenye uwezo amtunze mume ambaye maradhi au majeraha yamemzuia kujitafutia riziki. Kifungu cha 114, kinachohusu mgawanyo wa mali ndoa ikivunjika, kinatazama mchango wa kila mmoja kwa pesa, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Shauri lile lilikuwa la mwanamke.

Yule baba wa kanga aliniuliza kama na yeye anahesabiwa. Nikamsomea maneno yenyewe, "kila mmoja". Akacheka, kisha akaniomba shemeji yake asije akasikia mazungumzo yetu.