Nyumba yako Njiro kujaa wageni sio sababu ya kununua hisa za Airbnb

Kila msimu wa wageni ukichanganya naulizwa swali lile lile, na sasa yamenifika shingoni, kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki. Mtu ana nyumba Njiro au Sakina, Arusha, au yuko Moshi pale Shantytown, kaiweka Airbnb, ile apu ya kupangishia wageni, Julai na Agosti imejaa mpaka anarudisha watu, basi anakuja: "Kaka, hii kampuni inapiga hela, naona kwa macho yangu, ninunulie hisa zake."

Unachokiona kwa macho yako ni nyumba yako. Kampuni hujaiona bado.

Tuanze na hela yenyewe. Mgeni anayepanda Kili kwa njia ya Machame analala kwako usiku tatu, dola 40 kwa usiku, jumla 120. Hiyo ni hela yako wewe. Kampuni inakata komisheni yake, basi. Mwaka 2024 watu walibuku kupitia Airbnb vitu vya dola bilioni 81.8, ila kilichoingia kwenye vitabu kama mapato ya kampuni ni bilioni 11.1, yaani kama senti 13 au 14 kwenye kila dola. Na karibu nusu ya mapato hayo yanatoka Amerika Kaskazini. Sisi Afrika kwenye ripoti hata mstari wetu hatuna, tumetiwa kapu moja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Njiro nzima ijae au iwe tupu, hisa haishtuki.

Sasa hapa ndipo panaponichosha kuliko kote. Watu wanadhani biashara nzuri na hisa nzuri ni kitu kimoja, na nikikataa wanaona naiponda kampuni. Siipondi! Angalia. Airbnb iliingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani, tarehe 10 Desemba 2020. Bei ya kuuzia ilikuwa dola 68, lakini soko lilipofunguliwa ikaanzia 146, na siku hiyo ikafunga 144.71, kwa hiyo mtu wa kawaida asiye na mgao wa mapema ile 68 aliisikia tu kwenye habari. Mwaka huo kampuni ilikuwa na mapato ya bilioni 3.4 na hasara ya bilioni 4.6. Mwaka 2022 ikapata faida yake ya kwanza ya mwaka mzima, bilioni 1.9. Mwaka 2024 faida bilioni 2.6. Mapato yamepanda zaidi ya mara tatu, hasara kubwa imegeuka faida kubwa, kampuni imeingizwa mpaka S&P 500, ile orodha ya kampuni kubwa 500 za Marekani, mwaka 2023, yaani ilifanya kila kitu ambacho mwenye hisa angeomba ifanye. Na bei? Mwisho wa 2020 hisa ilikuwa dola 146.80, mwisho wa 2024 ikawa 131.41. Umekaa miaka minne, kampuni imefanikiwa, wewe umepoteza, na gawio hakuna kwa sababu hawalipi.

Miaka hiyo hiyo minne S&P 500 ilitoka kama 3,756 ikafika kama 5,880. Booking Holdings, wale wa Booking.com ambao nao wanapangisha nyumba na nyie nyote mnawatumia, walitoka dola 2,227 wakakaribia elfu tano. Biashara ile ile ya vitanda, wageni wale wale, ila bei waliyoanzia ilikuwa haijabeba ndoto za miaka kumi mbele. Ukinunua ng'ombe mmoja mnadani kwa bei ya ng'ombe watatu, hata akikamuliwa kila asubuhi utakaa sana kabla hela yako haijarudi, na ng'ombe hana kosa lolote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "kampuni ni nzuri?" namjibu ndiyo na sijamsaidia chochote, swali ni unalipa ngapi kwa kila dola ya faida. Faida ya 2024 ilikuwa dola 4.11 kwa hisa. Kwa bei ya 131 unalipa mara 32. Na ile faida ya bilioni 4.8 ya 2023 tafadhali usiitumie kama kipimo, zaidi ya bilioni mbili na nusu humo ni marekebisho ya kodi ya mara moja, haikuletwa na mgeni yeyote.

Kuna kitu kingine wenye nyumba mnakijua kuliko wachambuzi wengi lakini hamkiunganishi. Mgeni analipa akibuku, pengine Februari kwa ajili ya Agosti. Wewe unatumiwa chako siku moja hivi baada ya yeye kuingia. Katikati hapo hela imelala wapi? Imelala kwao, na inazaa riba. Ukijumlisha na riba ya akiba yao wenyewe, 2024 waliingiza dola milioni 818, ambayo ni kama robo ya faida yao kabla ya kodi. Robo! Riba za Marekani zikishuka, kipande hicho kinapungua hata wageni wakiongezeka, na sijawahi kusikia mwenye nyumba hata mmoja akiniuliza habari ya riba za Marekani.

Haya, tufike kwenye sababu yangu kubwa, ambayo inawahusu nyie wa Arusha na Moshi peke yenu. Mnasema "naijua hii biashara, ndio maana nataka hisa zake." Mimi nasema hiyo ndiyo sababu ya kutozigusa. Kumbukeni 2020. Mlima ulikuwa hauna watu, madereva wa safari wameegesha magari, nyumba za wageni zinapangishwa kwa mwezi kwa bei ya kutupa ili tu umeme ulipwe. Mwaka huo huo mapato ya Airbnb yalishuka kutoka bilioni 4.8 za 2019 hadi 3.4, Mei wakapunguza wafanyakazi kama 1,900, robo ya kampuni nzima, na Aprili walikuwa wamekopa dola bilioni mbili. Nyumba yako inategemea watalii, gari lako la kukodisha linategemea watalii, mke ana duka la vinyago, halafu akiba ndogo iliyobaki unaipeleka kwa watalii tena kupitia New York! Siku ndege zikiacha kutua KIA vyote vinaanguka siku moja, na wewe ndio siku unayotaka kuuza hisa ulipe ada za watoto.

Mwenye nyumba ya wageni namwambia akiba yake ikae kwenye kitu kisichojua Kilimanjaro iko wapi. Hati fungani za serikali za muda mrefu zinalipa riba ya tarakimu mbili kwa shilingi, vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, vipo, benki zipo DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, na zinatoa gawio. Zina hatari zake, ila ni hatari tofauti na uliyonayo tayari.

Halafu msichanganye kampuni. Kuna waliokuwa wanaulizia Sonder kwa vile ilishuka ikaonekana rahisi. Sonder haikuwa soko kama Airbnb, yenyewe ilikuwa inakodi majengo kwa mikataba mirefu, inaweka samani, inapangisha kwa usiku, kama wale vijana wanaochukua apatimenti nzima Njiro kwa mwaka mmoja na kuziweka kwenye apu. Mgeni asipokuja kodi ya jengo iko pale pale. Novemba 2025 Marriott ilivunja mkataba nayo na ikafilisika, wenye hisa kwisha.

Nisiposema hili nitakuwa nawaficha: hesabu za thamani ya hisa tunazofanya sisi wachambuzi ni laini kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi. Nikiweka ukuaji wa asilimia 8 hisa inaonekana ghali, nikiweka 11 inaonekana bei poa, na hakuna anayeweza kunithibitishia ipi ni sahihi. Sheria ndio kabisa. New York tangu Septemba 2023 nyumba nzima haipangishwi chini ya siku 30, kwa siku chache hivyo mwenyewe lazima awepo na wageni wasizidi wawili. Barcelona imetangaza kuondoa leseni zote 10,101 za nyumba za watalii ifikapo Novemba 2028. Kwa hatari kama hizo kitabu kinasema ongeza kiwango cha punguzo, yaani asilimia unayokata kwenye hela za miaka ijayo ili ujue thamani yake leo. Kwa kiasi gani? Kila mchambuzi anaweka namba anayoiona inafaa, mimi pia. Hata hisa wanazowalipa wafanyakazi, dola bilioni 1.4 mwaka 2024, wengine wanazikata kwenye faida kama gharama na wengine hawazikati, mimi nazikata kwa sababu ni mshahara.

Na kama huna kitanda hata kimoja cha mgeni, wewe ni mwalimu au nesi na una akaunti kwa broka halali, swali lako ni halali na jibu langu ni tofauti: kidogo, isizidi asilimia tano ya akiba, na iwe bei imeshuka chini ya mara 25 ya faida. Hakikisha tu unanunua hisa yenyewe, maana apu nyingi zinazotangazwa huku hazikuuzii hisa, unabeti bei na unakatwa ada kila usiku. Ripoti ya robo mwaka ikitoka nenda moja kwa moja kwenye idadi ya usiku zilizobukiwa, riba waliyoingiza, na hisa walizowapa wafanyakazi, ukishaziona hizo tatu ndio unipigie.