Betri ya gari la umeme haifi kwa kutimiza miaka minane, tuelewane

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne, na jana aliyeuliza ni mtu ambaye mwezi wa tatu alishanipigia akaniuliza hilo hilo: "Fundi, hivi ni kweli Leaf ikifika miaka minane betri inakufa, na betri mpya ni bei ya gari jingine?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, leo naandika yote kwa pamoja, we ukimaliza kusoma mtumie na yule shemeji yako anayekutisha kila ukitaja gari la umeme.

Naongelea zaidi Nissan Leaf za mtumba kutoka Japani manake ndo ninazoshika nyingi hapa Dar, lakini mengi ya humu yanahusu kagari kokote kadogo ka umeme ka kwenda kazini na kurudi.

Nianze na mama mmoja wa Tabata. Asubuhi anabonyeza kuwasha gari, dashibodi inawaka taa karibu zote kwa mpigo, zinafifia, kimya. Jirani yake mzoefu wa magari ya dizeli akaja kuangalia akamwambia mama pole, hapo betri imeshakufa, tafuta mtu wa skrapa. Mama wa watu akalia. Wakaita gari la kubeba, kulipandisha nalo ikawa kazi kwa sababu bila umeme lile gari halitoki kwenye P, matairi ya mbele yamejifunga, wakaliburuza na winchi mpaka juu ya kitanda. Lilipofika kwangu nikafungua boneti nikaweka mita kwenye betri ndogo, ile ya volti 12 ya kawaida kabisa kama ya Toyota IST, ikasoma volti 8 na pointi. Nikaunga waya za kubusti, nikabonyeza kitufe, gari likawaka. Betri kubwa ilikuwa na chaji asilimia 71 na haina tatizo lolote. Ile ndogo ilikuwa ndo ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, tukaweka mpya, mama akaendesha mwenyewe kurudi kwake.

Sasa mjue hili, gari la umeme lina betri MBILI. Kubwa iko chini ya sakafu, ina volti 350 na zaidi, hiyo ndo inasukuma gari. Ndogo kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga zile kontakta, yani swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Ndogo ikilala, kubwa hata iwe imejaa pomoni haitoi kitu. Kwahiyo gari linaonekana maiti kabisa wakati shida ni betri unayoipata duka lolote la spea. Lakini mtaani Tabata mpaka leo wanasimulia kwamba Leaf ya mama fulani ilikufa betri, na hivo ndivo haya maneno yanavosambaa.

Turudi kwenye kubwa. Betri kubwa haifi ghafla siku ya kuzaliwa kwake, inapungua uwezo polepole. Chukulia simtanki la nyumbani ambalo kila mwaka tope linaongezeka chini, maji bado unachota na bomba bado linatoa kwa nguvu ileile, ila ujazo umepungua. Leaf ya uniti 24 (huo ndo ujazo wa betri kubwa ikiwa mpya, kwa uniti zilezile za LUKU) iliyobaki na afya ya asilimia 65 bado inatembea Tegeta mpaka Posta na kurudi na chaji inabaki. Haitakufikisha Morogoro, sawa, lakini we Morogoro unaenda mara ngapi kwa mwaka?

Na hiyo miaka minane imetoka wapi? Imetoka kwenye waranti. Kwa Leaf za uniti 30 na 40 Nissan walitoa waranti ya miaka 8 au kilomita 160,000, kwamba betri ikishuka chini ya mistari 9 kati ya ile 12 ya afya inayoonekana kwenye dashibodi, ndani ya muda huo, wao watahusika. Watu wakaisoma kama tarehe ya kuharibika ya maziwa! Friji lako lilikuwa na waranti ya mwaka mmoja na bado linagandisha mpaka leo, mbona hilo hujalitupa.

Adui wa hii betri ni JOTO, na hapa ndo ningependa watu wa Dar mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Leaf hizi za mtumba hazina kipozeo cha maji kwenye betri kubwa kama kile cha magari mengine mengi ya umeme, zinategemea hewa tu inayopita chini ya gari. Leaf za kwanza zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010, na kufika 2012 wenye magari kule Arizona, Marekani, sehemu ya jangwa kabisa, wakaanza kulalamika mistari ya betri inaondoka mapema, wakati wenzao wa sehemu za baridi wenye magari yaleyale ya umri uleule hawana shida hiyo. Baadaye Nissan wakabadilisha kemikali za ndani zikawa zinavumilia joto zaidi, ila kipozeo hawakuweka kwenye hizi. Mimi mwenyewe nimeshapima Leaf mbili za mwaka mmoja, 2014 zote, moja ina afya 82 nyingine 61, na ya 61 ndo ilikuwa inang'aa rangi na viti visafi. Sasa ukiniuliza "fundi ninunue ya mwaka gani" unaniuliza swali ambalo halina msaada kwako. Niulize betri ina afya asilimia ngapi.

Na afya usiisome kwenye dashibodi peke yake. Ile mistari 12 pembeni ya geji, wa kwanza unaondoka betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15, inayofuata inaondoka kila asilimia 6 hivi, yani gari lenye mistari yote 12 linaweza kuwa na afya 100 au 86 na dashibodi haikwambii. Kibaya zaidi kuna wauzaji wanairudisha nyuma kompyuta ya betri, mistari inarudi 12 siku ya kuuza, ukiendesha wiki kadhaa kompyuta inajifunza ukweli upya na mistari inaanza kudondoka, mteja anakuja kwangu analia kwamba betri imekufa ndani ya mwezi. Haijafa, aliuziwa ikiwa hivo hivo. Na hii inaniuma manake mtu ameweka akiba miaka.

Nunua kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, kile kinachosoma kompyuta ya gari, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, chomeka chini ya usukani, dakika 5 umeshaona kila kitu. Angalia SOH, hiyo ndo afya. Halafu angalia ile michoro ya jozi 96 za seli, zikiwa zimelingana kama majani ya ukoka uliokatwa vizuri, safi. Ukiona moja imezama peke yake, hiyo ni seli dhaifu na ndo itakayokusumbua. Ila pima chaji ikiwa chini, asilimia 20 au 30 hivi, na gari linatembea, kwa sababu betri ikiwa imejaa hata seli mbovu inajificha. Mimi nikiona tofauti kati ya ya juu na ya chini imezidi milivolti 100 nasita. Muuzaji akikuletea gari limejaa 100 akakataa usiendeshe kwanza, ondoka.

Hata ikitokea seli imechoka, hatununui betri nzima. Betri ya uniti 24 ina moduli 48 ndani, yani vifurushi vya seli, ya uniti 40 ina moduli 24, zimeungwa kwa mfululizo kwahiyo moja dhaifu inazivuta zote, gari linakata nguvu mapema na mwenye gari anaona betri yote imeisha. Unatoa moduli mbovu unaweka nyingine ya uwezo unaokaribiana kutoka kwenye gari lililopata ajali, basi. Lakini hiyo kazi usimpe fundi wa chini ya mwembe ambaye hajawahi, jamani, nawaomba. Zile waya za rangi ya chungwa zina volti za kuua mtu mzima papo hapo, kuna plagi ya usalama inatolewa kwanza, unasubiri, unapima, na glavu za umeme mkononi muda wote.

Ushauri wangu wa kuitunza kwa hali ya hewa ya Dar ni huu na nausema kwa kila mteja mpaka wananikimbia: usichaji umefika saa 8 mchana na gari limetoka juani. Liache lipoe kivulini, mti wa mkungu unatosha. Chaji usiku, tena tumia taima ya gari lenyewe ili limalize alfajiri karibu na muda wa kuondoka, kwa sababu betri iliyojaa 100 halafu inalala hivo siku 3 kwenye joto ndo inazeeka haraka. Kwa mizunguko ya mjini ishia 80, ukisafiri ndo jaza.

Hapo kwenye 80 kuna watu wameshika vibaya. Hayo ni ya Leaf. Ukiwa na gari la Kichina lenye betri ya fosfati ya chuma, kama zile Blade za BYD, hizo zinataka ujaze mpaka 100 mara kwa mara ili kompyuta yake isipoteze hesabu. Nimekutana na kaka ana BYD hajawahi kuvuka 80 tangu anunue, geji ikawa inamdanganya mpaka ikamwacha Bunju na asilimia 9 kwenye kioo.

"Nimeambiwa inatembea kilomita 400." Hiyo ni namba ya kipimo cha zamani cha Japani, JC08, kwa Leaf ya uniti 40. Gari hilohilo Wamarekani walilipima wakapata 243. Sasa we unanunua lililotumika, afya 80 na kitu, AC inawaka muda wote, piga hesabu ya 160 mpaka 180 uwe na amani. Kibaha Posta kwenda na kurudi ni kama 80, bado unabaki na chaji ya kumpitia mtoto shule.

"Kwenye foleni litaisha chaji." Hapana. Ni kinyume chake! Gari la umeme likisimama, mota haili kitu. AC na redio ndo zinakula, chukulia uniti 1 kwa saa nzima, sawa na kilomita 6 au 7 basi. Ukiwa na Leaf ya uniti 40 unaweza kukaa Mwenge saa mbili bila kufika popote na chaji ikashuka asilimia 5 au 6 tu. Linalomaliza chaji ni kukimbiza 110 barabara kuu ya Morogoro. Wenye magari ya petroli wamezoea mjini ndo inaliwa, ndo maana hili haliwaingii kichwani.

"Halina sevisi." Lina. Oili ya injini ndo hakuna. Maji ya kupozea mota na inveta yapo, maji ya breki yapo, filta ya AC, bushi na stabilaiza linki kwa barabara zetu ndo usiseme, matairi yanaisha haraka kwa sababu gari ni zito na linaondoka kwa nguvu. Na hiyo betri ndogo ya volti 12, pima kila mwaka.

Gharama ya umeme sibishani nayo sana, hesabu ni fupi. Kilomita 100 za mjini ni kama uniti 17 ukijumlisha zinazopotea kwenye kuchaji, LUKU ya kawaida uniti ni karibu shilingi 356 na kodi zake, hapo ni kama 6,000. IST kwenye foleni zetu itakunywa lita 8 na zaidi, zidisha kwa bei ya petroli ya siku hiyo. Ila ujue kama ulikuwa kwenye ile tarifu ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, utatoka huko, usije ukashangaa ukasema gari limekuharibia LUKU.

Umeme ukikatika je? Kilomita 45 za siku ni uniti 8 hivi, kebo ya kawaida ya nyumbani inaingiza 2 na kidogo kwa saa, yani unahitaji kama saa 4 kati ya 24. Mgao ulitukuta wengi na magari yalitembea.

Na la mvua. "Ukichaji kwenye mvua unakufa." Ile plagi ya kwenye gari ina mipira, na umeme hauanzi kupita mpaka gari na kebo vimeshawasiliana na kukubaliana, kwahiyo hapo kwenye gari sina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko upande wa ukutani. Nimeletewa soketi ya pini 3 imeyeyuka mpaka pini imeganda ndani, nyeusi, inanuka kama samaki aliyeungua, kwa sababu mtu alichaji kwa ekstensheni nyembamba iliyovingirishwa, ampia 10 usiku kucha kwa miezi. Ekstensheni za sebuleni hazikutengenezwa kwa hiyo kazi. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, usiwe chini ya milimita za mraba 2.5, na saketi breka yake.

Kingine, mtu ananipigia kebo inawaka taa nyekundu haichaji, anataka kununua nyingine. Mara nyingi kebo ni nzima, inakataa kwa sababu nyumba haina ethi, yani waya wa usalama unaoingia ardhini, imepima na haikuiona. Kuna "mafundi" wanaunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi ili kebo idanganyike ianze kuchaji. Usikubali, hata akikwambia ameshafanya nyumba 20. Siku nyutro ikikatika nje kwenye nguzo, bodi lote la gari linakuwa na umeme, na wa kwanza kuligusa asubuhi anaweza kuwa mwanao anayewahi shule. Mwite fundi umeme mwenye mita ya ethi, achimbie fimbo ardhini, apime, akuonyeshe namba kwenye kioo, ndo uchomeke kebo.