Je, wajua kwa nini kijiwe kilekile humtisha mgeni na kumtuliza mwenyeji?

Saa mbili kasoro usiku, Manzese, Dar es Salaam. Basi la mwendokasi limeshusha abiria wake, na kijana mmoja mwenye shati la ofisini anahamisha simu kutoka mfuko wa nyuma kwenda wa mbele kabla hajaingia kichochoroni. Kwenye kona wamekaa vijana sita: wawili juu ya bodaboda, mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, wengine wameegemea ukuta, na spika yao inatetemesha bati la genge la jirani. Kijana wetu anavuka upande wa pili, macho chini. Hatua chache nyuma yake anakuja mama na kapu.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu. Hebu mmoja anipokee huu mzigo, mgongo umekatika."

Aliyekuwa juu ya ndoo anainuka.

Kona ni hiyohiyo na vijana ni walewale. Ukiwauliza wapita njia hawa wawili kama mtaa ni salama, utapata majibu mawili yasiyofanana, na hakuna anayekudanganya.

Uingereza wamelihangaikia jambo hili hadi wakalitungia sheria. Mwaka 1998 walitafsiri kisheria kero za mtaani kuwa ni mwenendo unaoleta usumbufu, hofu au dhiki kwa mtu asiyekaa nyumba moja na anayeufanya. Angalia vizuri: kipimo kimewekwa kifuani mwa anayetazama. Na kwa miaka mingi wananchi waliulizwa kuhusu kero saba, zikiwemo majirani wenye makelele, takataka, ukuta uliochorwa, walevi, magari yaliyotelekezwa na vijana wanaokaakaa mitaani. Hiyo ya mwisho hunichekesha kidogo. Kukaa tu hakumuumizi mtu. Kwa kipimo hicho nusu ya Dar ingekuwa kero, maana nyumbani kuna joto na barazani kuna upepo.

Sasa, kwa nini uchafu na makelele vitie hofu, wakati takataka hazimkabi mtu? Mwaka 1982 Wamarekani wawili, James Q. Wilson na George Kelling, walitoa hoja iliyosambaa dunia nzima: dirisha likivunjika na lisitengenezwe, linatangaza kwamba hapa hakuna anayejali, na wenye nia mbaya husoma tangazo hilo. Watafiti wa Uholanzi walilijaribu wazo hilo katika mji wa Groningen, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Walitundika vipeperushi kwenye usukani wa baiskeli zilizoegeshwa kichochoroni. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walivitupa chini. Ukuta ulipochorwachorwa, wakawa asilimia 69. Jaribio jingine lilikuwa la bahasha iliyochomoza kwenye sanduku la barua, noti ya euro 5 ikionekana wazi. Sanduku likiwa safi, asilimia 13 ya wapita njia waliichukua. Likiwa limechorwa, asilimia 27. Kwa hiyo yule kijana mwenye shati la ofisini si mjinga. Macho yake yanasoma tangazo ambalo mara nyingine ni la kweli.

Tatizo ni kwamba macho hayo hayasomi ukuta peke yake. Mwaka 1995 watafiti wa Chicago waliendesha gari polepole, kamera zikirekodi pande zote mbili za barabara, wakapita vipande zaidi ya 23,000 vya mitaa. Wakahesabu chupa, maandishi ukutani, majengo yaliyochakaa. Kisha Robert Sampson na Stephen Raudenbush wakalinganisha hesabu ya kamera na majibu ya wakazi. Walichochapisha mwaka 2004 hakipendezi: kadiri mtaa ulivyokuwa na watu weusi na maskini wengi, ndivyo wakazi walivyosema umevurugika, hata pale ambapo kamera hazikuona tofauti. Wakazi weusi nao walitazama kwa miwani hiyohiyo.

Sisi miwani yetu ina jina lake, uswahilini. Vijana sita wakikaa na chupa kwenye baraza la mgahawa Masaki wanaitwa wateja. Wapeleke hao hao Tandale, uwavalishe kaptura na ndala, wanageuka wahuni. Neno "mhuni" kwetu lina kazi nyingi mno: mwizi ni mhuni, mvuta bangi ni mhuni, na mwenye rasta anayechora vibao vya maduka naye yumo humohumo.

Na hofu ina miguu kuliko mtu. Waliokuwa Dar mwanzoni mwa Januari 2015 wanaikumbuka jioni ya Panya Road, jina walilopewa vijana waporaji wanaotembea kwa makundi. Kundi la vijana lililotoka kumzika mwenzao lilizua fujo, ujumbe ukaruka simu hadi simu, maduka yakashushwa mageti na watu wakakimbia hata mitaa ambayo hao vijana hawakukanyaga. Hatari yenyewe ilikuwepo, tusijidanganye. Miaka iliyofuata watu walijeruhiwa kwa mapanga na wengine wakafa. Lakini usiku ule ukubwa wa hofu na ukubwa wa kundi havikuwa saizi moja.

Kuna kitendawili kingine wanachokizungumza watafiti: wanawake husema wanaogopa kutembea usiku kuliko wanaume, ilhali katika nchi nyingi wanaopigwa na kuchomwa visu barabarani zaidi ni wanaume vijana. Wengine huishia kusema wanawake wanazidisha. Mimi sikubali. Binti anayepigiwa miluzi kila jioni, akashikwa mkono sokoni, akatukanwa kwa kutojibu salamu, aende kituoni kuandikisha kesi gani? Vitabu vya polisi havina safu ya hayo, lakini mwili unayaweka kwenye hesabu.

Taa zinasaidia, na hili lina ushahidi mzuri. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa kali kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na makosa makubwa ya nje wakati wa usiku yakapungua kwa takriban asilimia 36. Kwenye vichochoro vyetu vingi taa ni ya muuza chipsi. Balbu moja, waya umepitishwa dirishani kwa jirani, na chini yake watu watano wanasubiri mayai yageuzwe. Machinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara za Dar mwezi Oktoba 2021, njia za miguu zilipumua mchana. Usiku, kwa maoni yangu, sehemu kadhaa zilipoteza balbu na macho kwa mpigo.

Macho ya nani, basi? Utafiti mwingine wa Chicago, wa mwaka 1997, uliuliza wakazi wa mitaa 343 swali la kizamani kabisa: jirani akiona watoto wametoroka shule na wanazurura, ataingilia? Palipojibiwa ndiyo, ukatili ulikuwa mdogo, hata mitaa ikiwa na umaskini sawa. Balozi wa nyumba kumi asingehitaji utafiti kulijua hilo. Anajua mtoto ni wa nani, na mtoto anajua kwamba anajulikana.

Ndiyo maana mama mwenye kapu hakuvuka barabara. Yule wa kwenye ndoo, yeye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni alipougua surua, na mama mzazi wa kijana huyo bado anadaiwa naye kilo mbili za unga. Kijana wa ofisini ana wiki ya pili tangu ahamie. Kesho akipita, mmoja wao atamtupia "mambo vipi, braza", naye itabidi aamue palepale, mkono ukiwa juu ya mfuko wa simu, kama hiyo ni salamu.